Tusitazame Lundo, Tutazame Chembe Moja Moja

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi na wataalamu wa maabara hapa Dar es Salaam. Wengi mmeniomba niiweke nzima, kwa kuwa mvua ya asubuhi ile iliwafungia upande wa pili wa Jangwani. Picha za ukutani nimeziacha.)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wataalamu wa maabara, wanafunzi mliokuja na sare siku ya Jumamosi: itifaki imezingatiwa. Wakubwa, shikamooni. Vijana, nimewaona.

Nimeombwa nizungumzie vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai chumba kimoja: hadubini na vichocheo vya kemia. Hadubini tumemwachia mtu wa baiolojia. Kichocheo tumemwachia mtu wa kemia, naye hukimaliza kwa sentensi moja ubaoni: huharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika. Wanafunzi, sentensi hiyo mmeiandika? Mmeiandika. Mwalimu akauliza kwenye mtihani, mkapata alama mbili? Mkapata. Sasa niambieni: nani kati yenu amewahi kukiona kichocheo kikiwa kazini?

Mmenyamaza. Hata sisi wa kemia tulinyamaza hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Tulivijua vichocheo kwa lundo. Tulipima kilichoingia, tukapima kilichotoka, tukagawanya. Leo hadubini ya mwanga, hii hii ya mwanga mnayoijua, imetuwezesha kuitazama chembe moja peke yake ikiwa kazini. Na kilichoonekana hakifanani na tulichokuwa tunakifundisha.

Nianzie mtaa wa Gerezani.

Pita Gerezani, pita Ilala, utakuta kibao kimeandikwa kwa rangi: TUNANUNUA MASEGA. Mgeni atadhani ni asali. Nyie mnajua: ni ile ngoma iliyo katikati ya bomba la ekzosi, ambayo fundi akiikata na kuunga bomba tupu, mwenye gari anashangilia kwamba gari limekuwa jepesi. Nilisimama kwa fundi mmoja akiipasua kwa tindo. Ndani kuna kitu mfano wa jiwe jepesi la kijivu, limejaa vitundu vya mraba vilivyopangwa safu kwa safu, aghalabu 400 kwa kila inchi ya mraba. Ukichungulia upande huu unaona mchana upande wa pili. Jiwe lilipovunjika likatoa vumbi, na kijana wake akaanza kulikusanya kwa brashi ya kupakia rangi, hadi la sakafuni. Nikamuuliza, hata vumbi? Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mzee, hela iko kwenye vumbi."

Kijana yule alisema kweli. Jiwe lenyewe ni udongo maalumu uliochomwa. Bei iko kwenye gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu zilizotawanywa juu ya kuta za vitundu vile kwa vipunje vya nanomita chache chache. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Vipunje hivyo ndivyo kichocheo. Juu yake, kaboni monoksaidi, gesi inayoua watu waliolala garini na injini inawaka, hugeuzwa kaboni dayoksaidi. Mafuta ambayo hayakuungua humaliziwa hapo. Oksaidi za naitrojeni hurudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Kazi hiyo hufanyika tena na tena, mwaka baada ya mwaka, na platinamu iko palepale. Ndiyo maana gari lililotembea Japani miaka kumi likaja kutembea Mbagala miaka mingine kumi, masega yake bado yana mnunuzi.

(Na niseme pembeni: aliyekata masega amenunua wepesi wa gari lake kwa mapafu ya waliokaa nyuma yake kwenye foleni. Nimesema, naendelea.)

Swali langu ni hili. Vipunje vile vyote, mabilioni kwa mabilioni, vinafanya kazi sawa? Au kuna vinavyojituma na vingine vimekaa tu vinasubiri mshahara? Fundi hawezi kujua. Mnunuzi hawezi kujua. Hata aliyeyatengeneza masega alipima gesi ya mbele na gesi ya nyuma, akapata namba moja. Namba ile ni wastani. Wastani haukwambii nani kafanya kazi na nani kalala.

Mtasema: kwani inatudhuru nini kutokujua? Basi sikilizeni habari ya mbolea.

Mwaka 1909 Fritz Haber, kule Karlsruhe, Ujerumani, alionyesha kwamba naitrojeni ya hewani inaweza kuunganishwa na haidrojeni ikawa amonia, malighafi ya mbolea, akitumia kichocheo cha osmiamu. Osmiamu ni adimu mno. Huwezi kulisha dunia kwa osmiamu. Kampuni ya BASF ikamkabidhi kazi Carl Bosch, na kijana wa vichocheo akawa Alwin Mittasch. Mittasch alifanyaje? Alijaribu. Alijaribu chuma, akajaribu nikeli, akachanganya hiki na kile, maelfu ya michanganyiko. Chuma safi kilimwangusha. Kilichomfaa kilikuwa chuma kilichotokana na mawe ya sumaku kutoka Gällivare, Sweden. Kwa nini mawe yale? Kwa sababu yalikuwa machafu! Ndani yake mlikuwa na vitu vingine kidogo kidogo, na vitu hivyo ndivyo vilivyokifanya chuma kifanye kazi. Baadaye wakawa wanautia uchafu ule kwa makusudi: oksaidi ya alumini, ya potasiamu, ya kalisi.

Kiwanda kikaanza Oppau mwaka 1913. Mpaka leo, mfuko wa urea unaoshushwa bandarini hapa na kupelekwa Mbeya na Ruvuma, naitrojeni yake imepita juu ya chuma cha ukoo ule ule, kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo unaozidi mara mia ule wa hewa tunayoivuta. Lakini juu ya chuma kile kinatokea nini hasa, hatua kwa hatua? Maelezo yaliyoshiba yalikuja miongo mingi baadaye, na Gerhard Ertl, mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kuyapata, alipewa Nobel mwaka 2007. Hesabuni wenyewe kutoka 1913 hadi hapo. Dunia ilikula ugali wa mbolea ile kizazi baada ya kizazi, na wanakemia wakiboresha kichocheo kwa kupapasa. Walipapasa kwa bidii na kwa akili, lakini walipapasa.

Kwa nini hawakutazama tu? Hapo inabidi niwapeleke Jena.

Jena ni mji mdogo wa Ujerumani. Mwaka 1823 alikuwepo pale mwalimu wa kemia aitwaye Johann Wolfgang Döbereiner. Vijana, mnamjua: ndiye yule wa elementi tatu tatu, mliyemsoma kabla ya Mendeleev. Döbereiner alielekeza mkondo wa haidrojeni kwenye platinamu iliyo kama sifongo. Platinamu ikawa nyekundu kwa joto na haidrojeni ikawaka moto, bila kiberiti. Viberiti vya kukwaruza vyenyewe vilikuwa havijaanza kuuzwa! Akatengeneza taa ya kuwashia moto nyumbani, ikauzika sana. Platinamu ile ile ya kwenye masega.

Miaka hamsini baadaye, mwaka 1873, mji huo huo wa Jena, Ernst Abbe aliyekuwa akifanya kazi na mtengeneza hadubini Carl Zeiss akatoa hukumu. Alisema: chonga lenzi vizuri uwezavyo, nukta mbili zikikaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, utaziona moja. Kwa mwanga tunaouona kwa macho, hiyo ni kama nanomita 200. Si suala la ufundi duni. Ni tabia ya mwanga wenyewe. Fomula yake wameichonga kwenye jiwe la kumbukumbu pale mjini.

Mji mmoja, watu wawili. Mmoja kawasha kichocheo, mwingine kaja kuthibitisha kwamba kipunje cha kichocheo hutakiona.

Hata hivyo hukumu ya Abbe haikuwa msiba, na mji wetu ni shahidi. Robert Koch alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufaidi lenzi za Abbe na Zeiss za kutumbukiza kwenye mafuta, hizi za mara mia mnazowekea tone la mafuta hadi leo. Tarehe 24 Machi 1882 akatangaza Berlin kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani ni tarehe hiyo. Na mwaka 1897 mpaka 1898 Koch huyo huyo aliishi hapa Dar es Salaam, akichunguza malaria kwenye damu ya wagonjwa. Jengo la Ocean Road tunalolijua leo kwa matibabu ya saratani lilikamilika mwaka huo huo wa 1897. Kwa hiyo mtu wa maabara wa Temeke anayehesabu vimelea leo asidhani hadubini ni ngeni mji huu.

Sasa tazameni vipimo. Bakteria wa kifua kikuu ana unene wa nanomita 200 hadi 500. Amepenya mlango wa Abbe kwa taabu. Kirusi? Wengi wamebaki nje. Kipunje cha platinamu cha nanomita tano? Kimebaki nje, mbali kabisa.

Najua kuna mwalimu pale mbele anataka kuniambia habari ya hadubini ya elektroni. Mwalimu, uko sahihi, inaona hata atomu. Lakini ile ya kawaida inataka ombwe. Kitu kikiwa ndani ya maji yake, kwenye kazi yake, hukioni kwa urahisi. Unakiona kikiwa kimekaushwa. Mimi sitaki kuona kichocheo kikiwa maiti. Nataka kukiona kikifanya kazi, ndani ya maji, kwenye joto la chumba. Kwa hiyo, ni mwanga.

Mpaka wa Abbe ulizungukwaje? Mmoja wa waliouzunguka ni Eric Betzig, Mmarekani. Alikuwa ameacha utafiti, amechoka, akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya baba yake ya mashine za karakana, Michigan. Mambo hayakwenda alivyotarajia. Akajikuta hana ajira. Yeye na rafiki yake Harald Hess, mwaka 2005, wakaunda hadubini sebuleni kwa Hess, La Jolla, California, kwa fedha za mfukoni. Sebuleni, jamani! Matokeo yakachapishwa 2006. Mwaka 2014 Betzig akapata Nobel ya kemia pamoja na Stefan Hell, aliyepita njia nyingine kabisa ya kuzima mwanga wa pembeni ili kibaki kitone cha katikati, na W. E. Moerner, ambaye mwaka 1989 alikuwa wa kwanza kuigundua molekuli moja kwa kupima mwanga iliyoumeza.

Wazo la Betzig na Hess lilikuwa hivi. Simama usiku ufukweni Kunduchi, utazame wavuvi wa dagaa, kila mtumbwi na karabai yake. Siku ya ukungu, taa zote zikiwaka pamoja unaona ukanda mmoja mweupe. Huwezi kuhesabu mitumbwi. Sasa chukulia wawashe mmoja baada ya mwingine. Taa moja ikiwaka peke yake, ukungu bado unaifanya duara kubwa lisilo na kingo, lakini kitovu cha duara lile unaweza kukielekezea kidole. Weka alama. Izimwe, iwashwe ya pili. Weka alama. Mpaka wa mwisho. Hapo unayo ramani ya mitumbwi yote, na ukungu haujapungua hata kidogo. Ndivyo wanavyofanya na molekuli zinazong'aa. Kila moja inaonekana kama duara la nanomita 200 na kitu, lakini kitovu chake kompyuta inakipata kwa usahihi wa makumi ya nanomita. Hukumu ya Abbe haikutenguliwa, sharti ni moja tu: taa ziwake kwa zamu.

Na hapa ndipo watu wa vichocheo waliposhtuka. Watu wa baiolojia walikuwa wanahangaika namna ya kuwasha molekuli kwa zamu. Sisi taa zetu zinajiwasha zenyewe! Chagua mmenyuko ambao malighafi yake haing'ai na zao lake linang'aa. Basi kila kichocheo kinapomaliza kazi moja, taa moja inawaka, mahali pale pale kazi ilipofanyika.

Wangapi hapa wamefanya kazi kituo cha kukusanya maziwa? Naona mikono. Mnaijua resazurini. Unatia rangi ya bluu kwenye maziwa; bakteria wakiwa wengi, bluu inageuka waridi upesi, na mwisho inakuwa nyeupe. Ile ya waridi inaitwa resorufini. Ukiimulika kwa mwanga wa kijani, resorufini inang'aa sana; resazurini hata ukiimulika inang'aa kidogo mno.

Mwaka 2008, kikundi cha Peng Chen, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichukua rangi hiyo hiyo ya wapima maziwa. Bakteria hawakuhitajika. Walibandika juu ya kioo vipunje vya dhahabu vya nanomita 6, vikiwa mbalimbali, wakapitisha juu yake maji yenye resazurini na hidroksilamini. Wakamulika kwa leza ya kijani, wakaweka kamera. Kamera ikaona nini? Giza. Kisha kitone kikawaka: dhahabu imetengeneza molekuli moja ya resorufini, nayo bado imeshikilia. Kikazimika: molekuli imeondoka na maji. Giza. Kikawaka tena palepale. Muda wa giza ni muda wa kazi. Muda wa mwanga ni muda wa zao kungoja kuondoka. Kwa mara ya kwanza ukawa na daftari la mahudhurio la kila kipunje, kwa jina lake.

Daftari lilisema nini? Kwanza, vipunje vilivyotoka chupa moja, vya ukubwa mmoja, havikufanya kazi kwa kasi moja. Pili, havikuwa hata na tabia moja: vingine zao liliondoka kwa njia moja, vingine kwa njia nyingine. Tatu, na hili ndilo lililonikosesha usingizi nilipolisoma, kipunje kile kile kilibadilika. Kinakwenda kasi, baada ya makumi ya sekunde kinapunguza, kinarudi tena. Uso wa dhahabu unajipanga upya wakati kazi inaendelea, na vipunje vidogo zaidi vinajipanga upya mara nyingi zaidi. Namba moja ya wastani ingekuonyesha hayo? Isingekuonyesha hata moja!

Na tunazungumza juu ya dhahabu, ndugu zangu. Dhahabu ya Geita, ukiivaa pete miaka hamsini haifanyi chochote, ndiyo sifa yake. Masatake Haruta, Mjapani, mwaka 1987 alitangaza kwamba dhahabu hiyo ikiwa vipunje vidogo mno inageuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi hata kwenye baridi iliyo chini sana ya sifuri. Wapo waliokuwa wameshaiandika kuwa mvivu asiye na dawa.

Mwaka 2012 kikundi hicho cha Cornell wakaenda ndani zaidi: vijiti vya dhahabu. Kwa usahihi wa nanomita 40 hivi, waliweza kuuliza si kijiti kipi kinafanya kazi, bali sehemu gani ya kijiti. Kitabu kinasema sehemu zenye uso wa aina moja zitafanya kazi sawa. Waliyoyaona: kwenye ubavu ule ule, uso wa aina ile ile, kasi ilibadilika kutoka katikati kuelekea nchani. Na uwiano wa ncha na ubavu ukatofautiana kijiti hadi kijiti. Maelezo yao ni kasoro: kijiti kilipokuwa kinakua, atomu hazikupangika vizuri kila mahali, na mahali palipoharibika ndipo kazi inapofanyika zaidi. Mnayakumbuka mawe machafu ya Gällivare?

Kabla ya hapo, 2006, watafiti wakiwemo wa Leuven, Ubelgiji, walikuwa wameonyesha kwenye fuwele moja kwamba mmenyuko mmoja unafanyika kwenye nyuso za pembeni tu, na mwingine unafanyika nje kote. Na vimeng'enya, vichocheo vya mwilini, ambavyo ni jamaa ya kile kilichomo kwenye papai bichi tunalopaka nyama ngumu ilainike? Mwaka 1998 kikundi cha Sunney Xie kilitazama molekuli moja moja ya kimeng'enya kinachooksidisha kolesteroli, ikiwaka na kuzimika kila inapozunguka kazi yake. Nayo kasi yake ilipanda na kushuka, kama iliyokumbuka ilivyokuwa mzunguko uliopita.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ifae sokoni Feri. Kwenye vichocheo iacheni mlangoni.

Sasa nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Njia hii ina mipaka mikubwa. Zao lazima ling'ae, na mimenyuko inayolisha na kuendesha dunia haing'ai. Amonia haing'ai. Gesi ya ekzosi haing'ai. Na hadubini ya namna hii haikai juu ya chuma cha nyuzi 450. Kwa hiyo mengi tuliyoyaona ni ya mimenyuko ya mfano, na atakayewaambia kwamba resazurini imetupa siri ya masega, mwombeni ushahidi.

Lakini watu hawakukaa. Mwaka 2019 kikundi cha Chen kilitoa ujanja ninaoupenda kuliko yote. Kama mmenyuko wako hauwaki, changanya na ule unaowaka, vigombee nafasi juu ya kipunje kimoja. Pale ambapo mgeni asiyewaka amekamata nafasi nyingi, taa zinapungua. Unapima upungufu wa mwanga, unapata ramani ya asiyeonekana. Wameufanya kwa haidrokwinoni, kemikali inayochafua maji. Hebu fikirini: kupima giza!

Na sisi hapa?

Sitawaambia tuagize leza na kamera kesho. Nimechoka na hotuba za namna hiyo. Kuna hadubini nzuri ngapi zimefungiwa kabatini kwenye shule za mji huu? Nilitembelea shule moja, siitaji, nikafunguliwa kabati. Hadubini tano, kila moja imevishwa mfuko wa plastiki na kufungwa kwa uzi, kwa nia njema kabisa. Nilipozielekeza dirishani, kwenye lenzi mlikuwa na nyuzi nyuzi nyeupe zimetawanyika kama mizizi. Fangasi. Unyevu wa pwani unaingia, plastiki inaufungia ndani, fangasi anatambaa juu ya kioo na kukila. Jamani, hadubini ya Dar haifungwi kwenye plastiki. Iwekeni kwenye kabati lenye balbu inayowaka, ile ya zamani yenye waya na joto, maana LED haitoshi kukausha. Au wekeni silika jeli, na ikichoka mkaikaushe jikoni. Na mafuta ya lenzi ya mara mia yafutwe siku hiyo hiyo, kwa karatasi ya lenzi, si kwa pindo la koti.

Msidharau kifaa kidogo. Mwaka 2013 zilichapishwa habari za utafiti uliofanyika Pemba: watafiti walibandika lenzi ya kioo ya duara, ndogo kama punje, kwenye kamera ya simu kwa gundi ya karatasi ya pande mbili, wakapima vinyesi vya watoto wa shule kutafuta mayai ya minyoo. Mayai ya askarisi waliyapata kwa karibu asilimia 80 ya walioambukizwa. Ya safura, chini ya asilimia 20. Nawapenda watafiti wale kwa sababu waliandika namba zote mbili. Kifaa kilipofeli, walisema kimefeli wapi.

Kwa walimu wa kemia, nina zoezi. Pasueni betri ya redio iliyokwisha, ile ya kawaida, si ya alkalaini. Unga mweusi wa ndani una manganizi dayoksaidi. Weka punje moja kwenye slaidi, tone la haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa iliyopunguzwa makali, tazama kwa lenzi ndogo kabisa. Mapovu yatatoka, na mtaona hayatoki kila mahali. Yanatoka nukta hii na ile, tena na tena. Mwanafunzi atapiga kelele: mwalimu, hapo ndipo kichocheo kinafanya kazi!

Mwulize: una hakika? Oksijeni inayeyuka kwanza majini, kisha povu linaanzia palipo na ufa au mkwaruzo ulioshika hewa. Huenda kazi inafanyika upande wa kushoto na povu linatokea kulia. Mwache ahangaike. Kisha mpe punje nyingine, mwambie aitazame kwanza kwenye tone la maji ya soda, yasiyo na peroksaidi. Hapo hakuna mmenyuko wa manganizi wowote, ni gesi inatoka tu. Achore nukta za mapovu. Halafu aisafishe, aiweke kwenye peroksaidi, achore tena. Nukta zikiwa zile zile, povu lilikuwa linamdanganya. Zikitofautiana, ana jambo la kuuliza. Mwanafunzi aliyefanya hivyo ameelewa kwa nini watu wa Cornell walihitaji zao linalowaka palepale linapozaliwa, na hakutumia hata leza moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Meza ya nyuma nimeweka hadubini mbili na slaidi mbili za aina moja. Moja lenzi yake ni safi, nyingine ina fangasi, tazameni zote. Walimu mtangulie, kisha kidato cha sita. Glavu ziko kwenye boksi, unga wa betri msiushike kwa mikono mitupu. Na maji ya soda msiyanywe, ni ya zoezi. Maswali nitayapokea hapo hapo mezani.